Mnyoo wa herufi 376: depo ya data nayo inataka mlinzi

Tarehe 25 mwezi wa kwanza 2003, ujumbe mdogo usiojaza hata SMS tatu ulizima mashine za benki, ukachelewesha ndege na kuvuruga intaneti ya Korea ya Kusini kwa masaa. Ulipita kwenye kosa moja la programu ya kutunza data. Dawa ya kosa lile ilikuwa tayari tangu miezi sita. Kooperative zetu, ambazo sasa zinaweka majina na mashamba ya wanachama ndani ya kompyuta, ziko na somo la kuchukua hapo.

Ndugu wanachama, tuanze na swali la biro. Kama leo mtu anafungua kompyuta ya kooperative yenu, anakuta nini ndani? Zamani angekuta barua na ripoti tu. Leo anakuta jina la kila mwanachama, kijiji chake, namba yake ya telefone, kilo za kahawa alizoleta kila siku ya mavuno, pesa alizolipwa na tarehe aliyolipwa. Tena, tangu Umoja wa Ulaya ulipopitisha mwaka 2023 sheria yake juu ya ukataji wa misitu, wanunuzi wa kahawa na kakao wanaomba alama za GPS za mashamba. Kwa hiyo hata njia ya kufika shambani kwa mwanachama iko ndani ya ile mashine.

Hayo yote yanakaa katika kitu kinachoitwa hifadhi ya data. Wasomi wa mjini wanasema baze ya done. Sisi tunaona tu ukurasa wa kujaza kilo, lakini nyuma ya ukurasa ule kuna programu nyingine inayopokea, inayopanga na inayotoa. Ni depo, na hiyo programu ndiyo magazinie wake.

Depo ya kahawa tunajua kuilinda. Kuna kufuli, kuna mlinzi wa usiku, kuna kaye ya kuingiza na kutoa. Depo ya data je? Mara nyingi jibu ni: "Ule mradi ulileta, vijana wao wanajua." Na kama mradi umeisha? Hapo watu wanaangaliana.

Tunaandika makala hii juu ya swali lile. Tutaeleza kwanza kisa cha kweli, kisha kosa lenyewe lilikuwa la namna gani, kisha kazi ambazo kooperative inaweza kufanya bila kuwa na fundi wa kompyuta.

Kilichotokea siku ile

Ilikuwa siku ya posho, karibu 7h30 ya asubuhi kwa saa ya hapa Kivu. Mtu ambaye mpaka leo hajatangazwa alitupa kwenye intaneti ujumbe wa baiti 376. Baiti moja tuihesabu kama herufi moja. SMS moja inabeba herufi 160, basi ujumbe huo wote ulikuwa kama SMS mbili na kidogo. Watu wa kompyuta waliuita mnyoo, juu unajizalisha na kutembea peke yake bila mtu kubonyeza kitu. Jina lake likabaki Slammer.

Mnyoo huo ulitafuta kompyuta zenye programu moja tu: SQL Server 2000 ya kampuni Microsoft, programu ya kutunza data iliyokuwa katika mabenki, viwanda, hospitali na maofisi mengi ya dunia. Ukiingia katika mashine moja, mashine ile inaanza nayo kutupa ujumbe uleule kwa namba za kompyuta zilizochaguliwa ovyo, mchana na usiku, kwa nguvu zake zote. Hausalimii kwanza, haungoji jibu. Ni kama mtu anayetupa barua juu ya lupango za watu wote bila kujua nani anaishi ndani.

Katika dakika za kwanza, idadi ya mashine zilizoshikwa ilijizidisha mara mbili kila sekunde 8 na nusu. Fanya hesabu: katika dakika moja inajizidisha mara 7. Mashine moja inakuwa 2, kisha 4, 8, 16, 32, 64, mpaka 128. Watafiti waliochunguza baadaye walihesabu mashine zisizopungua 75 000, na waliona kwamba sehemu kubwa ya zile zilizokuwa na kosa, asilimia 90, zilishikwa katika dakika 10 tu. Kabla fundi hajaamka, kazi ilikuwa imekwisha.

Madhara yalikuwaje? Huko Marekani, mashine karibu 13 000 za kutoa pesa za Bank of America hazikuweza kutumikia wateja. Kampuni ya ndege Continental ilichelewesha safari na kufuta nyingine. Karibu na mji wa Seattle, kituo kinachopokea simu za hatari, za polisi na wazima moto, kilipoteza kompyuta zake. Wafanyakazi wakachukua kalamu na karatasi, wakaendelea na kazi. Korea ya Kusini ilikaa masaa bila intaneti ya kueleweka.

Kisa kingine kinastahili kuangaliwa vizuri. Kiwanda cha umeme wa nyuklia cha Davis-Besse, katika jimbo la Ohio, kilikuwa na ukuta wa kulinda mtandao wake, na ukuta ule ulikuwa umefunga njia ya mnyoo. Lakini mnyoo uliingia. Ulipita kwa njia ya pembeni: waya wa kampuni iliyokuwa na kazi ya mkataba pale, ambao uliunganishwa nyuma ya ukuta. Chombo kinachoonyesha hali ya usalama wa kiwanda kikazimika karibu masaa 5. Bahati nzuri kiwanda chenyewe kilikuwa kimesimama wakati ule, hakuna aliyeumia. Kila mwenye lupango anaelewa: mlango wa mbele unaweza kuwa wa chuma, lakini kama kuna tundu la kuku nyuma ya jiko, nyoka hapigi hodi mbele.

Tuseme pia jambo moja kwa haki. Slammer haikuiba data, haikufuta kitu. Kazi yake ilikuwa kujituma tu, na mtandao ukajaa kama barabara ya soko siku ya mvua. Lakini aliyeingia kwa mlango ule angeweza kufanya lolote analotaka: kusoma, kubadilisha, kufuta. Ni mwandishi wa mnyoo tu aliyeamua hivyo.

Kosa lenyewe: magazinie asiyepima

Sasa tuulize: barua ya herufi 376 inawezaje kuchukua kompyuta nzima?

Kompyuta inapofanya kazi, inaweka vitu vyake katika kumbukumbu. Mwazie kumbukumbu kama depo ndefu iliyopangwa kwa visanduku vidogo, kimoja karibu na kingine, bila ukuta katikati. Programu inaomba sehemu: "Nipe visanduku mia moja, niweke humu jina la mteja." Inapewa. Kisanduku kinachofuata ni cha kitu kingine kabisa.

Ile SQL Server ilikuwa na kazi ndogo ya kujibu swali. Kompyuta nyingine ikiuliza, "Hifadhi yenye jina fulani iko hapo?", programu inapokea lile jina, inaliunganisha na maneno yake mengine, na kuliweka katika sehemu iliyotayarishwa. Kosa lilikuwa hapo: haikupima urefu wa jina. Iliamini kwamba jina litakuwa fupi kama majina ya kawaida.

Ni sawa na magazinie ambaye ametayarisha bido ya litre 20 kwa kupokea maziwa. Mtu anakuja na litre 60, magazinie anamimina tu bila kuangalia. Litre 40 zinamwagika juu ya vitu vilivyo jirani. Kama jirani ni chumvi, chumvi imeharibika. Kama jirani ni kaye ya maagizo ya jera, basi maagizo yamefutika.

Na katika kompyuta, jirani alikuwa kweli kaye ya maagizo. Pembeni ya sehemu ile kulikuwa na maandishi yanayoiambia programu: "Ukimaliza kazi hii, rudi mahali fulani uendelee." Jina refu lilimwagika juu ya maandishi hayo na kuandika mahali pengine: "Ukimaliza, anza kusoma hapa." Na "hapa" ilikuwa ni ndani ya ile barua yenyewe. Programu, kwa utii wote, ikaanza kufuata maagizo ya mgeni ikidhani ni ya jera. Neno la siri halikuombwa, juu swali lile lilipokelewa hata kabla ya mlango wa neno la siri.

Makosa ya namna hii yanaitwa makosa ya usalama wa kumbukumbu. Hayatoki kwa mtumiaji aliyebonyeza vibaya. Sekretere wako anaweza kuwa mwangalifu kabisa, na kosa likawa limelala katika programu tangu siku ilipotengenezwa.

Ndugu wawili wa kosa lile

Kumwagika ni kwa namna moja tu. Kuna nyingine mbili zinazofaa kujulikana, na zote mbili zimeonekana juzi tu, mwaka 2025.

Ya kwanza ni kutumia sehemu iliyokwisha kurudishwa. Programu inaomba visanduku, inavitumia, inavirudisha, lakini inabaki na karatasi yake ya zamani. Visanduku vinapewa mwingine. Kisha programu inakumbuka karatasi yake, inarudi na kulima pale kama bado ni pake. Sisi wa Kivu tunaelewa shida ya shamba moja lenye karatasi mbili. Mwezi wa kumi 2025, watengenezaji wa Redis, programu ya data inayotumika sana katika seva za dunia, walitangaza kosa la namna hiyo. Lilikuwa limekaa ndani ya programu karibu miaka 13. Lilipewa alama 10 juu ya 10 kwa ubaya. Mtu aliyekuwa na ruhusa ya kuingia tu aliweza kulitumia na kuchukua mashine nzima. Lakini kampuni Wiz, iliyogundua kosa hilo, ilikuta Redis karibu 330 000 zikiwa wazi kwenye intaneti, na karibu 60 000 kati yao hazikuombi hata neno la siri.

Ya pili ni kutoa mabaki ya mwingine. Mtu analeta mfuko, anasema: "Nina kilo 100." Ndani kuna kilo 2. Magazinie hapimi, anatenga sehemu ya kilo 100, na wakati wa kurudisha anarudisha kilo 100: zile 2 na nyingine 98 za watu waliopita kabla. Mwezi wa kumi na mbili 2025, kosa la namna hii lilitangazwa katika MongoDB, programu nyingine kubwa ya kutunza data. Mtu alituma ujumbe uliobanwa akidanganya juu ya urefu wake, na seva ikamrudishia vipande vya kumbukumbu ambavyo havikuwa vyake. Katika vipande vile kunaweza kuwa na maneno ya siri ya watu wengine. Hapa pia haikuhitaji kuwa na ruhusa ya kuingia.

Juu ya nini makosa haya hayaishi? Programu nyingi za data ziliandikwa kwa lugha za kompyuta zinazoitwa C na C++. Ni lugha zenye mwendo wa haraka, lakini zinamwachia mwandishi kazi ya kupima kila bido mwenyewe. Akisahau mara moja katika mistari maelfu na maelfu, kosa linaingia. Microsoft ilieleza mwaka 2019 kwamba karibu asilimia 70 ya makosa ya usalama inayorekebisha kila mwaka ni ya jamii hii ya kumbukumbu. Kuna lugha mpya zaidi, kama Rust, ambazo zinakataa zenyewe kumimina bila kupima. Polepole programu zinahama, lakini zile za zamani zitakuwa nasi miaka mingi bado.

Habari njema zipo pia. Ndani ya karibu kila telefone ya Android kuna programu ndogo ya data inayoitwa SQLite. Fomu za ODK ambazo waanimateri wetu wanajaza shambani zinaitegemea. Mwaka 2024 watafiti wa Google, wakisaidiwa na akili bandia, waligundua kosa la kumbukumbu katika SQLite na likarekebishwa siku ileile, kabla toleo lile halijatoka kwa watu. Kwa hiyo watengenezaji wanatafuta na wanarekebisha. Lakini marekebisho yao yanatusaidia tu kama yanafika katika mashine yetu.

Dawa ilikuwepo, lakini haikufika shambani

Turudie Slammer, juu hapa ndipo kuna somo kubwa. Kosa lile liligunduliwa na mtaalamu Mwingereza, David Litchfield, ambaye aliwaambia Microsoft. Tarehe 24 mwezi wa saba 2002, Microsoft ilitoa kiraka, yaani kipande cha kuziba kosa. Mnyoo ulikuja tarehe 25 mwezi wa kwanza 2003. Miezi sita kamili kiraka kilikuwepo, bure. Hata kompyuta kadhaa za Microsoft yenyewe zilikuwa hazijawekwa kiraka, na zilishikwa.

Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, kiraka kilikuwa na kazi nyingi ya mikono, na mafundi waliogopa kugusa mashine inayotembea vizuri. "Inafanya kazi, iacheni." Sentensi hii tunaisikia hata kwetu.

Pili, watu wengi hawakujua kama wana programu ile. Microsoft ilikuwa imetoa toleo dogo la SQL Server, linaitwa MSDE, ambalo watengenezaji wengine waliliweka ndani ya programu zao. Mtu alinunua programu ya uhasibu ama ya kutunza stoki, akaiweka kwenye kompyuta, na bila kujua amepanda pia hifadhi ya data yenye kosa. Huwezi kutibu mmea ambao hujui kama uko shambani mwako.

Msomaji wa gazeti hili amekwisha kutambua hadithi hii. Ni hadithi ya mnyauko wa migomba, BXW, ulioonekana katika nchi yetu mwaka 2001 huko Masisi. Ugonjwa ulitembea kwa kisu cha mkulima na kwa wadudu wanaotembelea ua la mgomba. Dawa tunaijua, wala si ya bei: kata ua dume kwa kijiti chenye panda na si kwa kisu, choma kisu moto ama kisafishe kwa jaweli kabla ya kuhamia mgomba mwingine, kata shina linaloonyesha ugonjwa. Maarifa hayakukosekana, lakini shamba moja lisilotibiwa linatosha kurudisha ugonjwa kwa majirani kumi waliotibu.

Slammer ilikuwa vilevile. Ilikaa katika kumbukumbu tu, haikuandika kitu kwenye diski. Fundi akizima kompyuta na kuiwasha tena, mnyoo umekufa. Anafurahi. Lakini kama hajaweka kiraka, dakika chache baadaye mashine inashikwa tena, juu majirani bado wagonjwa. Ni kama kukata shina na kuendelea kutumia kisu kilekile.

Kuna fundisho lingine la shamba: kupanda mbegu ya namna moja tu kila mahali kunafungulia ugonjwa njia. Mashine 75 000 zilianguka pamoja juu zilikuwa na programu moja, yenye kosa moja, iliyofungua mlango mmoja.

Hatari kwetu ni ya namna gani?

Mtu atasema: "Sisi tuko kijijini, nani atatutafuta?" Slammer haikumtafuta mtu. Ilichagua namba ovyo. Wezi wa leo nao wanafanya hivyo; mashine zao zinapita kwenye intaneti nzima zikijaribu kila mlango, bila kujua kama ni benki ama kooperative ya kahawa.

Na data yetu si kitu kidogo. Orodha inayoonyesha nani amelipwa pesa ngapi, siku gani, na nyumba yake iko wapi, ikifika katika mikono mibaya wakati huu wa ukosefu wa usalama, hasara yake haihesabiwi kwa kompyuta. Namba za telefone zinatumika kudanganya watu wenye kulipwa kwa telefone. Na orodha ikiharibika wiki ya kugawa malipo ya mwisho, nani ataamini hesabu ya kamati? Kooperative nyingi hazifi juu ya bei ya kahawa, zinakufa juu ya wanachama kupoteza imani.

Tena sheria iko. Kodi ya numerike ya Kongo, ordonansi-sheria namba 23/010 ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, inalinda habari za kibinafsi za watu. Anayekusanya majina na namba za wanachama ana wajibu wa kuzitunza. Wajibu ule haukai kwa fundi peke yake. Uko juu ya kamati pia.

Kazi saba za kamati

Hakuna hata moja kati ya hizi inayoomba diploma ya kompyuta.

1. Hesabu mimea yako. Chukueni kaye, andikeni kila kompyuta, kila telefone ya kazi, na kila programu iliyo ndani. Kwa kila programu yenye majina ama kilo, muulize aliyeileta: inatumia hifadhi gani ya data, na toleo namba ngapi? Andikeni jibu na tarehe.

2. Chagueni mtu na siku. Mara moja kwa mwezi, mtu aliyechaguliwa anaweka marekebisho katika kila mashine. Kama mega ni ghali, apeleke kompyuta mjini mahali penye intaneti nzuri, siku ileile anapopeleka ripoti. Pesa ya mega hizo iingie katika bajeti ya mwaka, kama pesa ya mafuta ya pikipiki. Kwa telefone, kuikubalia iweke toleo jipya usiku inatosha mara nyingi.

3. Msinunue programu za kukopiwa. Ile diski ama fulashi ya bei rahisi ya mjini mara nyingi inakuja ikiwa imezimiwa marekebisho, na pengine ina mnyoo ndani tayari. Ni mbegu isiyojulikana inatoka wapi. Kuna programu halali za bure. Muulize mshirika wenu.

4. Fungeni mlango usiotumika. Kama kazi yote inafanyika katika biro, hifadhi ya data haina sababu ya kuonekana kwenye intaneti. Mwambie fundi maneno haya: "Hifadhi yetu isijibu mtu wa nje." Kama lazima ijibu watu wa nje, iwe na neno la siri gumu, na kila mfanyakazi awe na lake. Mfanyakazi akiondoka, neno lake linafutwa siku hiyohiyo, kama tunavyochukua ufunguo wa depo.

5. Angalieni tundu la nyuma. Kumbukeni Davis-Besse. Kompyuta ya mgeni, fulashi ya mwanafunzi wa staji, modemu ya mtu wa mradi: kila kinachounganishwa nyuma ya ukuta ni mlango. Kisiunganishwe kabla ya jera kujua.

6. Tunzeni kopi, na mzijaribu. Kila wiki wakati wa mavuno, wekeni kopi ya data kwenye diski ambayo haikai imeunganishwa na kompyuta, na kopi nyingine katika nyumba nyingine. Kila miezi mitatu, jaribuni kufungua kopi ile. Kopi isiyojaribiwa ni kama mbegu isiyojaribiwa kuota: utajua ubaya wake siku ya mvua.

7. Msitupe kaye ya karatasi. Wale wa Seattle walipokea simu za hatari kwa kalamu, juu walikuwa bado wanajua kufanya hivyo. Kila siku ya kupokea kahawa, mwanachama abaki na risiti yake yenye kilo na tarehe, na magazinie na kaye yake. Kompyuta ikisimama asubuhi, foleni ya wanachama isisimame.

Maswali ya kuuliza mradi kabla ya kusaini

Hapa tunasema na washirika pia, na sisi wenyewe wa mashirika. Mara nyingi mradi unaleta kompyuta, programu na formasio ya siku tatu. Mradi unadumu miaka miwili ama mitatu, programu inabaki. Mwaka wa nne hakuna anayeweka viraka, na mwaka wa tano makosa yaliyotangazwa dunia nzima bado yako wazi katika biro ya kijiji. Haikuwa nia ya mtu, lakini ni matokeo ya kutokuuliza mapema.

Kwa hiyo, siku mshirika anapoleta programu mpya, kamati iulize na iandike majibu katika procès-verbal:

— Data ya wanachama wetu itakaa wapi, hapa ama katika seva ya mbali? Nani mwingine anaweza kuisoma?

— Nani ataweka marekebisho, na mpaka tarehe gani?

— Mradi ukiisha, nani atalipa na nani atafanya kazi hiyo?

— Kosa kubwa likitangazwa, nani atatupigia simu, na katika siku ngapi?

— Tukitaka kuacha programu hii, tutapata data yetu yote katika namna tunayoweza kusoma?

Mshirika mzuri hatakasirika kwa maswali haya. Kama hana jibu kwa la pili na la tatu, ngojeni kwanza kuingiza majina ya wanachama.

Kwa mkutano wenu

Tunapendekeza kila kamati isome makala hii pamoja na kujadili mambo matatu. Je, tunajua programu zote zilizo katika kompyuta yetu? Mara ya mwisho kuweka marekebisho ilikuwa lini, na nani alifanya? Kama kompyuta inaibiwa ama inaharibika usiku huu, kesho tutaweza kumwonyesha kila mwanachama kilo zake?

Kama jibu la swali la tatu ni hapana, anzeni na kazi namba 6 na namba 7, wiki hii. Nyingine zinaweza kufuata, moja kwa kila mwezi, na kabla ya mavuno yajayo zote saba zitakuwa zimekwisha.